Land Cruiser: juu ya nini inafika pale nyingine zinakwama, na hesabu ya kufanya kabla koperative haijainunua



Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, swali ni lile lile katika mikutano ya Kasongo na Kabambare: tutatoaje mzigo shambani mpaka sokoni? Na karibu kila mara kuna memba anayesimama na kusema: "Tuchange franga, tununue Land Cruiser yetu wenyewe." Wengine wanapiga makofi. Wengine wanaguna. Kisha mkutano unaendelea na mambo mengine, na mpunga unauzwa pale pale kijijini kwa bei ya mnunuzi.

Mawazo hayo hayatoki hewani. Kwetu huku Land Cruiser ni gari inayofika. Inaleta chanjo, inachukua mama aliyeshindwa kuzaa, inaleta mbegu na watu wa semina. Kamiyo imezama matopeni siku tatu, ile jeep inapita pembeni. Watoto wa Wamaza na wa Salamabila wanaijua kwa mlio kabla hawajaiona. Basi si ajabu mtu aamini kwamba gari inayofika kila mahali inaweza pia kutuletea faida.

Katika makala hii tutaangalia mambo matatu: gari hii ilitoka wapi, juu ya nini wenye nayo wanaipenda, na mwisho hesabu. Hesabu ndiyo muhimu kuliko yote, lakini tukiijua historia yake tutaielewa vizuri zaidi.

Ilianza na mashini ya kufuma nguo

Kampuni ya Toyota haikuanza na magari. Ilianza na nguo. Mwaka 1867, katika kijiji kimoja cha Japani, alizaliwa mtoto wa seremala aliyeitwa Sakichi Toyoda. Wanawake wa kijiji chake walifuma kitambaa kwa mkono, kazi ya kuchosha na yenye mapato madogo. Sakichi akatumia useremala wa baba yake kutengeneza mashini za mbao za kufuma, akaendelea kuzirekebisha miaka na miaka.

Mwaka 1924 alikamilisha mashini iliyokuwa na jambo moja muhimu: uzi ukikatika, mashini inasimama yenyewe. Bila jambo hilo, uzi ulipokatika mashini iliendelea kufuma, na kitambaa chote kinachofuata kikatoka kibovu. Wazo ni rahisi: kosa likitokea, simama kwanza, rekebisha, kisha endelea. Usibebe kosa mpaka mwisho wa kazi. Mwaka 1926 akaanzisha kampuni ya kutengeneza mashini hizo, na mwaka 1929 haki ya mashini hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza.

Mwanawe, Kiichiro Toyoda, ndiye aliyetaka magari. Wajapani wengi walimwona anaota ndoto, kwani wakati ule nchi yao ilijaa magari ya Marekani, Ford na Chevrolet. Kiichiro akaanza ndani ya kampuni ya mashini za nguo. Mwaka 1935 akatoa kamiyo ya kwanza, iliyoitwa G1. Mwaka 1936 ikafuata gari ndogo, AA. Mwaka huo huo jina la gari likabadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota. Sababu moja ni kwamba Toyota, ukiliandika kwa maandishi ya Kijapani, linachukua mistari minane, na kwao nane ni namba ya heri. Kampuni ya Toyota Motor ilianzishwa rasmi mwaka 1937.

Kamiyo za kwanza zilikuwa mbovu

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kamiyo za G1 ziliharibika ovyo. Zilitengenezwa kwa haraka, vyuma vyake bado havikuwa imara, na zilikwama njiani. Leo tunasikia "Toyota" tukafikiri ilizaliwa imara. Sivyo.

Kampuni ilifanya nini? Ilituma mafundi mpaka mahali kamiyo ilipokwama. Wakaitengeneza, wakaangalia kilichovunjika, wakarudi kiwandani na habari ile, na chuma kile kikabadilishwa katika kamiyo zilizofuata. Kidogo kidogo, kosa baada ya kosa, kamiyo zikawa nzuri. Tabia hiyo ya kwenda kuona kwa macho yako pale tatizo lilipo imebaki katika kampuni hiyo mpaka leo.

Baada ya vita kuu ya pili Toyota ilikaribia kufa. Mwaka 1950 haikuwa na pesa, wafanyakazi waligoma, na Kiichiro mwenyewe akaacha uongozi. Kilichoiokoa ni bahati mbaya ya wengine: mwezi wa 6 mwaka ule vita vilianza Korea, na jeshi la Marekani likahitaji kamiyo nyingi karibu na pale. Toyota ikapata oda. Kiichiro alikufa mwaka 1952, hakuona yaliyofuata.

Gari iliyopanda mlima

Wakati huo huo wa vita vya Korea, Japani ilitafuta gari ya kupita njia mbaya, mfano wa jeep ya Waamerika. Toyota ikatengeneza yake mwaka 1951. Ilichukua moteri ya kamiyo, yenye silinda sita, ikaiweka katika gari fupi yenye magurudumu manne yanayovuta. Iliitwa BJ. Lakini oda kubwa ilikwenda kwa jeep ya aina ya Willys iliyoungwa na kampuni nyingine, si kwa Toyota.

Basi mwezi wa 7 mwaka 1951 dereva wa majaribio wa kampuni, Ichiro Taira, aliipandisha BJ katika Mlima Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani, mpaka kituo cha sita. Hakuna gari iliyowahi kufika pale. Polisi waliona, na wakaweka oda ya magari 289. Ndivyo gari hii ilivyopata mnunuzi wake wa kwanza: kwa kupanda pale watu walipodhani haiwezekani.

Jina lilikuja mwaka 1954. Neno "Jeep" lilikuwa mali ya kampuni ya Willys, Toyota haikuruhusiwa kulitumia. Waingereza walikuwa na Land Rover yao tangu 1948. Mkuu wa ufundi wa Toyota, Hanji Umehara, akachagua Land Cruiser, ni kusema gari inayosafiri nchi kavu kama vile meli inavyosafiri baharini.

Magari madogo ya Toyota yalipopelekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalishindwa, hayakuwa na nguvu ya kutosha kwa barabara kubwa za kule. Land Cruiser ndiyo iliyobaki sokoni na kulinda jina. Mwaka 1960 ikaja ile ya namba 40, ambayo wazee wengi wa Afrika wanaikumbuka. Mwaka 1984 ikaja ya namba 70. Hiyo ndiyo tunayoiona mpaka leo katika njia zetu: ile ndefu yenye milango nyuma, ambayo ma-ONG na hospitali zinaitumia, na ile pick-up. Mwaka 2019 Toyota ilitangaza kwamba Land Cruiser za kila aina zilizouzwa duniani zimepita milioni 10.

Afrika ikaichukua

Afrika ya Mashariki iliipokea mapema. Kule Mombasa, kiwanda cha AVA kimekuwa kikiunga Land Cruiser tangu miaka ya 1970. Tanzania wanaiita "mkonga", kwa sababu ya bomba lile linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Bomba hilo si pambo: moteri inavuta hewa juu, mbali na vumbi na maji ya mto.

Sifa yake ina upande wa giza pia. Mwaka 1987 askari wa Chad waliwashinda askari wa Libya wenye vifaru, wakipigana juu ya pick-up za Toyota. Vita ile mpaka leo inaitwa Vita ya Toyota. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufundishwa hilo. Gari inayobeba chanjo ndiyo hiyo hiyo inayobeba bunduki, na mara nyingi imetoka kwa mwenyewe bila kuulizwa. Hiyo nayo iingie katika mawazo ya anayetaka kununua.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ma-ONG mengi hupata magari yao kupitia kampuni iliyoko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyatayarisha kwa nchi zenye njia ngumu. Ndiyo maana jeep zote nyeupe mnazoziona zinafanana kama mapacha. Kufanana huko kuna faida kubwa, kama tutakavyoona.

Juu ya nini wenye nayo wanaipenda?

Ukimuuliza shofere, atakujibu kwa neno moja: "Inavumilia." Tuichambue hiyo kidogo.

Kwanza, moteri yake. Nyingi za namba 70 zilizoko kwetu zina moteri inayoitwa 1HZ, iliyoanza mwaka 1990. Inatumia mazutu, ina silinda sita na ukubwa wa lita 4.2. Haina turbo, na mazutu yanaingia kwa pompi ya chuma, bila kompyuta. Ni kubwa kwa kazi yake, kwa hiyo haijichoshi. Mtu mkubwa akibeba debe moja hatoki jasho sawa na mtoto aliyebeba debe hilo hilo.

Pili, mwili wake. Imekaa juu ya shasi nene iliyo kama ngazi, na ponti zake mbele na nyuma ni vyuma vizima. Nyuma imebebwa na resori za vyuma bapa, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Resori moja ikivunjika njiani, shofere anafunga kwa kamba ya mpira na kipande cha mti, anafika polepole. Jaribu hivyo na gari ya mjini.

Tatu, piesi. Kwa kuwa magari haya yanafanana na yametengenezwa miaka mingi bila kubadilika sana, piesi ya gari moja inaingia katika nyingine. Zinapatikana Bukavu, Goma, Bujumbura, na zile zinazotoka Dar es Salaam zinapita Kigoma na Kalemie. Jeep iliyokufa haitupwi. Inakuwa duka: huyu anachukua bwati ya vitesi, huyu milango, huyu rulma.

Nne, mekanisie. Hii ndiyo siri kubwa, na haiko ndani ya gari. Katika kila mji wetu kuna kijana aliyekulia chini ya Land Cruiser. Anaijua kwa mkono, hata gizani. Gari nyingine inaweza kuwa imara zaidi, lakini kama hakuna anayeijua, siku inaposimama imekufa. Kutegemeka si tabia ya chuma peke yake. Ni chuma, piesi na mtu, vyote vitatu pamoja.

Tano, bei yake haishuki haraka. Mtu akiinunua ikiwa nzee, akaitunza, anaweza kuiuza baada ya miaka mitano bila kupoteza sana.

Lakini tusiifanye malaika. Toyota yenyewe imewahi kukosea vibaya: mwaka 2010 mkubwa wa kampuni, Akio Toyoda, kitukuu cha Sakichi, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani kujibu juu ya mamilioni ya magari yaliyorudishwa kwa sababu ya kasoro. Na Land Cruiser ya namba 70 inakula mazutu mengi, inarusha abiria kama mahindi kwenye ungo, na ikienda mbio katika kona inapinduka. Zaidi ya hayo, na hili ndilo linatuhusu: haibebi mzigo mwingi.

Sasa hesabu

Pick-up ya Land Cruiser inabeba kama tani moja. Ni kusema magunia kumi ya kilo 100. Basi tufanye mfano. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu, kila koperative iweke zake.

Tuseme kutoka depo yenu mpaka soko kubwa ni kilomita 120. Kwenda na kurudi ni 240. Njia ni mbaya, gari inakula lita 18 kwa kila kilomita 100.

- Mazutu: lita 43, kwa dola 2 lita moja, ni dola 86.
- Pine, oili, filtri na piesi: tuweke senti 30 kwa kila kilomita, ni dola 72.
- Shofere, msaidizi wake, peaje na baki: dola 32.
- Jumla: dola 190.

Umebeba kilo 1,000. Kila kilo imekula senti 19 kufika sokoni. Kama sokoni kilo inauzwa senti 20 zaidi ya kijijini, faida ni senti moja kwa kilo, dola 10 kwa safari nzima. Kama gari nzee ilinunuliwa kwa dola 18,000, mtahitaji safari 1,800 kuirudisha pesa hiyo. Gari itakuwa imeoza kabla.

Je, tuache kabisa? Hapana. Tuangalie ni nini kinaweza kubadilisha hesabu hiyo.

*Usirudi mtupu.* Kama gari ikirudi na kilo 1,000 za chumvi, sabuni, majembe na mbegu, na wafanyabiashara wanalipa senti 8 kwa kilo, ni dola 80. Gharama yenu inashuka kutoka 190 mpaka 110, ni kusema senti 11 kwa kilo ya mpunga. Faida sasa ni dola 90 kwa safari. Zile safari 1,800 zimekuwa 200. Safari mbili kwa wiki, ni kama miaka miwili, mvua na madaraja yakiruhusu.

*Usibebe makapi.* Kilo 100 za mpunga zikikobolewa vizuri zinatoa mpaka kilo 65 za mchele. Zile 35 ni makapi na pumba. Ukipeleka tani moja ya mpunga wenye maganda, katika zile dola 190, dola 66 zimelipia kusafirisha maganda. Kwa hiyo koperative yenye pesa kidogo ijiulize kwanza: tunahitaji gari, au tunahitaji mashini ya kukoboa? Mara nyingi mashini ndiyo inayotangulia. Na pumba zinabaki nyumbani kwa kuku na nguruwe.

*Linganisha na kukodi.* Kamiyo ya tani nne ikipita na mwenyewe akataka senti 15 kwa kilo, hiyo ni nafuu kuliko kubeba kwa jeep yenu kwa senti 19. Kinachotakiwa ni mzigo uwe tayari, umepimwa, umefungwa, umewekwa depo karibu na njia, ili kamiyo isisubiri. Kamiyo haipendi kukusanya gunia moja moja kijiji kwa kijiji. Kazi hiyo ni ya pikipiki na ya kinga. Na wale walio upande wa Samba, ng'ambo ya Lualaba, wasisahau reli: treni inachelewa, lakini siku inapokuja inabeba mzigo ambao jeep mia moja haziwezi.

Land Cruiser ilitengenezwa ili ifike, hata kwa mzigo mdogo. Kwa mgonjwa, kufika ndiyo kila kitu, hatuulizi kilo moja imekula senti ngapi. Kwa mpunga, kila senti inahesabiwa. Ma-ONG na hospitali wanaitumia kwa kazi yake halisi. Tukiichukua kwa kazi nyingine, si kosa la gari.

Kama mmeshaamua kununua

Kuna koperative ambazo hesabu yao itakubali, hasa zile zilizojiunga tatu au nne kuwa muungano. Kwa hao, tunashauri haya:

1. Mpelekeni mekanisie wenu, si yule wa muuzaji. Mlipeni siku yake. Hiyo ni pesa ndogo kuliko zote mtakazotoa.

2. Iwasheni asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akishaiwasha kabla hamjafika, rudini kesho.

3. Angalieni moshi. Mweusi kidogo wakati wa kukanyaga ni kawaida. Wa bluu unaoendelea, moteri inakula oili. Mweupe usiokwisha wakati moteri imeshapata moto, kuna hatari.

4. Fungueni radiateri kabla ya kuwasha, isiwe na moto. Maji yakiwa na mafuta juu, au oili ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, ondokeni. Moteri ya 1HZ ikiwahi kuchemka vibaya, kichwa chake kinaweza kupasuka.

5. Laleni chini ya gari na tochi. Tafuteni shasi iliyopasuka au kuungwa upya. Rangi mpya chini ya gari nzee inaficha kitu.

6. Namba iliyogongwa kwenye shasi ilingane na namba ya kwenye karte roze. Ulizeni duane kama kodi zote zimelipwa. Gari isiyo na karatasi ni ya kila mwenye kofia atakayekutana nayo njiani.

7. Msitoe pesa yote ya kese. Tunashauri baada ya kununua ibaki angalau robo ya bei ya gari kwa pine na matengenezo ya mwanzo. Na pesa ya mbegu ya msimu ujao isiguswe kabisa kabisa. Gari ikilala, mtangoja. Shamba likilala, mtakula nini?

Kuitunza

Adui wa kwanza wa moteri ya mazutu huku kwetu ni maji na uchafu ndani ya mazutu yenyewe. Pompi ile ya chuma inavumilia mengi, lakini haivumilii maji. Acheni dramu itulie usiku mzima kabla ya kuchota, msichote mpaka chini, na pitisheni katika kitambaa safi. Chini ya filtri ya mazutu kuna mahali pa kutoa maji. Shofere afungue mara kwa mara, siyo mpaka moteri ikohoe.

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, pamoja na filtri yake. Wakati wa kiangazi filtri ya hewa ipulizwe kila siku ya safari. Mkanda wa ndani ya moteri ubadilishwe kila kilomita 100,000, hata kama unaonekana mzima. Na mjihadhari na piesi za uongo: boksi lina jina la Toyota, lakini ndani kuna karatasi. Filtri ya bei ya nusu inaweza kuua moteri ya bei kamili.

Juu ya yote, daftari. Kila safari iandikwe: tarehe, kilomita za kuanza na za kumaliza, lita zilizotiwa, mzigo, aliyepanda, pesa iliyoingia. Daftari likikosa, gari ya koperative inageuka gari ya prezida. Leo inakwenda msibani, kesho harusini, na siku ya mavuno haina mazutu. Wekeni sheria katika mkutano mkuu, kabla gari haijafika: nani anaamuru safari, na memba anayeikodi kwa jambo lake analipa ngapi. Prezida naye alipe.

Na hapa turudi kwa yule mtoto wa seremala. Inasemekana Sakichi Toyoda aliwafundisha watu wake kuuliza "kwa nini?" mara tano kabla ya kurekebisha kosa. Tujaribu:

- Gari imesimama njiani. Kwa nini? Moteri imechemka.
- Kwa nini? Maji yamekwisha katika radiateri.
- Kwa nini? Mpira wa maji umepasuka.
- Kwa nini? Ulikuwa umezeeka, na hakuna aliyeuona.
- Kwa nini? Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuangalia gari kabla ya safari.

Mtu aliyeuliza mara moja tu atatia maji na kuendelea, na kesho atasimama tena. Aliyeuliza mara tano atanunua mpira mpya, na tena atamteua mtu na kumpa daftari. Maswali hayo hayahitaji gari. Mpunga umeoza depo: kwa nini? Memba wameuza pembeni badala ya kuleta kwa koperative: kwa nini? Ulizeni mara tano, na msiishie kwa kumtafuta wa kumlaumu. Mara nyingi jibu la tano halimtaji mtu, linataja kazi ambayo hakuna aliyepewa.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kupiga kura ya kununua au kutonunua, chukueni ubao na chaki, andikeni hesabu ile kwa bei zenu: kilomita, lita, kilo, senti. Kila memba aione. Kama inaonyesha faida, nunueni bila woga, mkijua gari hiyo mkiitunza itawatumikia miaka mingi. Kama haionyeshi, kodini kamiyo, noleni mashini ya kukoboa, na zile dola zibaki katika kese mpaka siku hesabu itakapokubali.